Moshi wa wiski si mmoja: kuchagua na kuonja singo molti za Islay na jirani zake (uzi mrefu)

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Ambao dini au afya haiwaruhusu naomba mniwie radhi, ingawa wapenzi wa mambo ya harufu na jikoni nao wanakaribishwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Nina miaka saba nyuma ya kaunta ya baa moja hapa Glasgow, na rafu yangu ya kushoto yote ni wiski za moshi. Karibu kila wiki napata ujumbe wa namna moja: "Dada, niko uwanja wa ndege, niambie haraka nichukue ipi yenye moshi." Nikimwambia achukue Laphroaig, baada ya siku mbili ananilaumu kwamba nimemnunulisha dawa ya vidonda. Nikimwambia Highland Park, ananiuliza moshi wenyewe uko wapi. Simlaumu. Ameomba moshi, nami nimempa moshi bila kumuuliza anataka upi.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Watu wanahangaika na kiasi cha moshi, wakati cha kuuliza kwanza ni moshi wa nini. Na katika hili sisi tuliolelewa karibu na moto wa kuni tuna darasa la bure. Kule Kibirizi, Kigoma, shangazi yangu alikuwa na banda la kubanikia samaki aina ya migebuka. Moshi wa lile banda haukufanana na wa jiko la mkaa la mama, wala na wa majani mabichi shambani, wala na wa udi siku ya harusi. Mtoto wa miaka sita angefumbwa macho angekutajia kila mmoja.

Mwezi wangu wa kwanza kazini, meneja alinimiminia Lagavulin ya miaka 16 baada ya kufunga milango, akanipa kadi yenye maneno ya kuelezea ladha. Mengi yalikuwa ya mimea na vyakula ambavyo sikuwahi kuvitia mdomoni. Nikaiweka kadi chini. Nilichokuwa nakisikia kilikuwa ile nguzo ya katikati ya banda la shangazi, iliyokunywa moshi na mafuta ya samaki miaka yote mpaka ikawa nyeusi na kung'aa kama imepakwa lami. Tulikuwa tunapitisha kidole pale na kukilamba: chumvi, utamu fulani kwa mbali, halafu uchungu wa masizi. Ilikuwa ni hiyo hiyo, ndani ya glasi, maelfu ya kilomita kutoka Ziwa Tanganyika. Tangu usiku ule sijatumia tena kadi ya mtu.

Sasa tuingie jikoni kwao, maana ukijua moshi unaingilia wapi utachagua vizuri.

Islay (wenyewe hutamka "Aila") ni kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Unapanda feri Kennacraig, unashuka Port Ellen au Port Askaig baada ya saa mbili na kitu. Miti ni michache, upepo hauna huruma, na sehemu kubwa ya ardhi imefunikwa na piti. Piti ni mimea iliyokufa ndani ya maji ikashindwa kuoza sawasawa, ikajilundika karne kwa karne kuwa udongo mweusi unaoshika moto. Hujilundika kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu moja. Palipokosekana kuni, hiki ndicho kilichopikia na kuotea moto.

Wiski ya kimea huanza na shayiri. Inalowekwa, inaachwa ichipue, halafu inapaswa kukaushwa ili isiendelee kuwa mmea. Hapo ndipo penyewe. Ukiikausha kwa hewa ya moto tu, hupati moshi. Ukichoma piti chini ya shayiri ikiwa bado na unyevunyevu, moshi unaganda kwenye maganda yake na hauishi kabisa, si katika kuchachusha, si katika kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke), si katika pipa. Watu wengi hudhani moshi unatokana na maji ya kisiwa kwa kuwa yana rangi ya chai ya rangi. Hapana. Moshi unatoka kwenye tanuri la kukaushia kimea.

Nikisema singo molti ninamaanisha wiski ya kimea cha shayiri kitupu, iliyokenekwa kwenye vyungu vya shaba katika kiwanda kimoja. Sheria ya mwaka 2009 inataka ikae Uskoti katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, isipungue miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hairuhusiwi kutiwa kitu isipokuwa maji na rangi ya karameli. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii wametia ladha ya moshi", mkatalie kwa adabu.

Naweka kituo hapa kidogo nimhudumie mteja. Narudi na majina.

Mdau, Kamembe

Dada, salamu kutoka Rusizi, Rwanda. Hiyo piti unayoieleza huku tunaiita nyiramugengeri. Inachimbwa mabondeni, na hapa kwetu kuna mtambo wa umeme wa Gishoma uliojengwa kuichoma. Moshi wake naujua vizuri, ni mzito na unakaa kwenye nguo. Sikuwahi kufikiria kuna watu wanakaushia nafaka ya pombe kwa kitu hicho. Je, tukichoma ya kwetu tutapata harufu ya Islay?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kamembe, umenifurahisha sana. Nimeliandika hilo neno kwenye daftari langu.

Jibu ni kwamba hamtapata harufu ya Islay, mtapata yenu. Piti ni mimea iliyokuwa pale, na mimea haifanani. Hata ndani ya Uskoti iko hivyo. Orkney, kaskazini kabisa, ambako Highland Park huchimba piti yao Hobbister, piti imejaa vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau, ndiyo maana moshi wake ni laini, una asali na maua makavu. Ya Islay ina kuvumwani na inapigwa na hewa ya bahari. Nyiramugengeri ni mafunjo na nyasi za bondeni, moshi wake utakuwa na tabia yake. Kimea kikikaushwa juu ya moto huo ningekuwa wa kwanza kukionja.

Turudi kwenye majina. Mnaponunua mtakutana na namba inayoitwa ppm, yaani sehemu ngapi za fenoli zimo katika kila sehemu milioni za kimea. Fenoli ndiyo familia ya kemikali zinazobeba moshi. Bowmore huwa karibu 25, Lagavulin na Caol Ila karibu 35, Laphroaig 40 na zaidi, Ardbeg karibu 55. Bruichladdich wana Octomore, na toleo lao la 8.3 lilifika 309.1. Vijana wanaipenda sana hii namba, wanaishindania kama mabao.

Naomba mnisikilize hapa. Hiyo namba imepimwa kwenye kimea, haikupimwa kwenye glasi yako. Kuanzia pale fenoli zinapungua kila hatua, na kinachofika kwenye pombe mpya mara nyingi hakifiki nusu. Tena fenoli ni nzito, huja mwishoni mwa kukeneka. Mpishi akikata mapema, yaani akiacha kukusanya pombe, anaziacha nyingi nyuma. Akichelewa kukata, anazikusanya. Uamuzi ule wa dakika chache una nguvu kuliko namba ya kwenye karatasi.

Ushahidi uko wazi. Lagavulin na Caol Ila zina mwenye mali mmoja, na kimea chao kinatoka kiwanda kimoja pale Port Ellen, kwa moshi karibu sawa. Zionje pamoja. Lagavulin ni nzito, ni ile nguzo ya shangazi. Caol Ila ni nyepesi, ina mafuta, ndimu na jivu, kama upepo wa asubuhi unaopita juu ya moto wa jana. Moshi uliingia sawa, vyungu ndivyo vimeutenganisha. Vya Lagavulin vina umbo la pea na hupikwa polepole. Vya Caol Ila ni vikubwa, na mvuke unapata nafasi ya kupanda na kugusana na shaba kabla haujatoka.

Na kuna kisa cha Peter Mackie, tajiri wa Lagavulin. Ofisi yake ilikuwa wakala wa kuuza Laphroaig, jirani yake wa pwani ile ile. Mwaka 1907 akapoteza ile kazi, akakasirika mpaka akaziba maji ya jirani kwa mawe. Mahakama ikaamuru afungue. Mwaka 1908 akajenga kiwanda kidogo ndani ya uzio wake, Malt Mill, akaiga vyungu vya Laphroaig, akamchukua na mpishi wao. Wiski ikatoka nzuri, lakini Laphroaig haikuwa. Kilidumu miaka hamsini na ushei, kikafungwa bila kuipata ladha ile. Mtu mwenye pesa, mwenye maji ya kitongoji kile kile na mpishi yule yule alishindwa kuuhamisha moshi kilomita mbili hivi. Ndiyo maana nasema usinunue namba.

Mdau, Eldoret

Asante dada kwa darasa. Mimi nimelelewa na mursik. Mama anachoma kijiti cha senetwet, anasugua makaa yake ndani ya kibuyu, ndipo anamimina maziwa. Ladha ile ya jivu safi ndiyo ninayoipenda hadi leo. Nilipewa Laphroaig kwenye sherehe, nikaona ni hospitali. Nianze na gani?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Eldoret, wewe umeshajijibu. Unapenda jivu safi, laini, lenye uchachu pembeni. Chukua Caol Ila ya miaka 12, asilimia 43. Na yawezekana unaifahamu bila kujua, maana Caol Ila ni mojawapo ya wiski zinazoingia kwenye Johnnie Walker Black Label. Kile kimoshi unachokisikia mwishoni mwa Black Label, hapo unakutana nacho nyumbani kwake.

Kuhusu hospitali, pua yako haikukosea hata kidogo. Katika familia ya fenoli kuna kresoli, na kuna fenoli yenyewe ambayo zamani iliitwa asidi ya kaboliki. Ni katika Glasgow hii hii, mwaka 1865, ambapo daktari Joseph Lister alianza kuitumia kwenye vidonda ili visioze. Kwa hiyo mtu anayesema "inanuka wodi" anasema ukweli wa kikemia. Laphroaig huchelewa kuanza kukusanya moyo wa pombe, yaani ile sehemu ya katikati inayokwenda kwenye pipa, wanaacha utamu wa matunda wa mwanzo upite, na wanaendelea mpaka ndani kwenye fenoli nzito. Matokeo ni bandeji, mwani, na chini yake vanila ya pipa la bourbon (wiski ya Marekani). Wapo wanaoipenda mara ya kwanza. Mimi ilinichukua mwaka mzima, na sasa chupa ya miaka 10 haikosi nyumbani kwangu.

Nimtaje na Bessie Williamson, kwa sababu wanawake tulioko kwenye kazi hii tunamheshimu sana. Alikwenda Laphroaig mwaka 1934 kwa kazi ya ukarani ya muda wa kiangazi. Mwenye kiwanda, Ian Hunter, akamwamini hatua kwa hatua, na alipofariki mwaka 1954 akamwachia kiwanda. Bi Bessie akakiendesha hadi mwaka 1972. Moshi ule unaowatisha watu ulilindwa na mikono ya mwanamke.

Mdau, Zanzibar

Assalaam alaykum. Mimi sinywi wala sitokunywa, ila nimesoma mwanzo mpaka hapa kwa sababu ya hizo harufu. Mwanangu, maneno unayo, usiyaache yakalala. Harufu ya samaki mbichi na pwani ni vumba. Ile inayobaki mkononi baada ya kumpaa samaki ni shombo. Kuna masizi, kuna jivu, kuna kuungua, kuna ukavu wa udi na kuna ubaridi wa ubani. Bibi yetu alikuwa akiufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kutia maji ya kunywa, ukiyanywa unausikia moshi mwembamba kabisa nyuma ya koo, nao ni mtamu. Hiyo nayo ina mfano wake huko kwenu?

Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam bi mkubwa, shikamoo. Umenipa zawadi kubwa kuliko uzi wenyewe.

Wakuu, nakili haya maneno. Nayapanga hapa jinsi ninavyoyasikia mimi. Vumba: Caol Ila, na Bowmore kwa mbali. Shombo, yaani ile inayong'ang'ania vidoleni: Ledaig ya miaka 10, kutoka kiwanda cha Tobermory kisiwa cha Mull. Wengine inawashinda, mimi naipenda kwa sababu naona ni soko la Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi. Masizi: Ardbeg ya miaka 10, masizi ya sufuria pamoja na ndimu iliyokamuliwa sasa hivi, na utamu usiotarajiwa. Chungu chao cha pili kina kifaa kinachorudisha mvuke mzito chini upikwe tena, ndiyo maana moshi ni mwingi lakini haulemei. Kuungua kwenye pilipili manga: Talisker ya miaka 10, kisiwa cha Skye, asilimia 45.8, moshi unatangulia, pilipili inakuja unapomeza.

Na mtungi wa bibi yako, bi mkubwa, ndio Highland Park ya miaka 12. Moshi mwembamba nyuma ya koo, mtamu. Sikuwa na maneno yake mpaka ulipoyasema.

Hadhari moja kwa wanunuzi: Islay kwenye lebo hakumaanishi moshi. Bunnahabhain ya kawaida ya miaka 12 haina moshi wa kuzungumzia. Bruichladdich ya chupa ya samawati haina kabisa. Ukitaka ya moshi kutoka kiwanda hicho hicho, tafuta chupa iliyoandikwa Port Charlotte, au hiyo Octomore.

Mdau, Bukoba

Binti yangu, nimefuatilia. Mimi ni mzee wa miaka 68, naelewa kwamba kila kitu kikikaa kinakuwa bora. Mbona hizo unazozisifu ni za miaka 10 na 12? Nina mjukuu anarudi kutoka Ulaya mwezi ujao, nilitaka aniletee ya miaka 25 nionje moshi wa kweli kabla sijafumba macho.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Mungu akujalie macho yakae wazi miaka mingi.

Kwa wiski nyingine ungekuwa sahihi zaidi. Kwa hizi za moshi, pipa linachukua na linatoa. Linatoa vanila, viungo, matunda makavu. Na kadiri miaka inavyopita makali ya moshi yanapungua. Ya miaka 25 itakupa mzee mpole anayesimulia kuhusu moto, ya miaka 10 itakupa moto wenyewe. Zote nzuri, ila bei zake hazisogeleani. Kwa kuwa unataka moshi wa kweli, mwambie mjukuu alete Lagavulin ya miaka 16. Ina umri wa kutosha kuwa na heshima, na moshi haujaondoka. Na ule umri kwenye lebo, mzee, ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo kwenye chupa ile, kwa hiyo hautakudanganya.

Pesa itakayobaki alete na Ardbeg, mkae wote wawili mlinganishe.

Mdau, Mombasa

Tahadhari wenzangu. Mwaka jana nilinunua chupa ya moshi ya jina kubwa kwa mtu anayeuza mitandaoni, bei nusu. Kifuniko kilionekana sawa. Nilipomimina: spiriti na rangi. Moshi hakuna, koo limeungua siku mbili.

Mwanzisha uzi

Pole sana kaka, na ushukuru ni koo tu. Wakuu, msione aibu kukagua stempu ya ushuru kabla ya kulipa. Kenya kuna programu ya simu inaitwa Soma Label, Tanzania kuna Hakiki Stempu. Sekunde chache tu. Singo molti ya kweli yenye umri haiwezi kuuzwa bei ya mzinga wa kawaida, mahesabu hayakubali. Na ukifungua, moshi wa piti hukutangulia kabla hujaleta pua. Ukiinusa chupa na kusikia spiriti peke yake, funga, usionje.

Mdau, Dar

Mkuu, sasa tufundishe kunywa. Mimi huwa naweka barafu mpaka juu na soda kidogo. Nakosea?

Mwanzisha uzi

Hujakosea kaka, pesa ni yako na joto la Dar nalijua. Ila barafu inazilaza harufu, na kwenye wiski hizi harufu ndiyo uliyolipia. Mara ya kwanza na chupa mpya, jaribu hivi, baadaye rudi kwenye barafu yako.

Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ukikosa, glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Mimina kidogo, kama vidole viwili vya mtoto. Usiitikise kama mvinyo, kilevi kitapanda na kukuchoma pua. Iache dakika tano.

Lete glasi kidevuni kwanza, midomo ikiwa wazi kidogo, unuse kutoka pale. Halafu panda taratibu. Moshi utakupokea mlangoni, mwache apite. Pua huzoea moshi haraka sana, kama mpishi asiyejua tena kwamba nguo zake zinanuka moshi. Ukishazoea ndipo unaanza kuona waliokaa nyuma yake: ndimu, peremende, chumvi, ngozi, viazi vilivyochomwa kwenye jivu. Watu wengi huishia mlangoni na kusema "ni moshi tu".

Funda la kwanza liwe dogo mno, la kuuamsha mdomo. Usilipe maksi, kwa kuwa ulimi unashughulika na kilevi. Funda la pili lizungushe, liguse fizi na chini ya ulimi, meza, halafu toa pumzi kupitia puani mdomo ukiwa umefunga. Hapo ndipo moshi unarudi mara ya pili, na mara nyingi ni tofauti na ule wa kwanza. Kwenye Ardbeg mimi husikia ndimu puani na masizi kwenye pumzi. Kwenye Talisker ni kinyume, moshi unatangulia na kinachorudi ni pilipili.

Sasa maji. Chukua kijiko, dondosha matone matatu manne ya maji yasiyo baridi. Sio kuipunguza nguvu tu. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walitumia kompyuta kuangalia jinsi guayakoli, mojawapo ya fenoli za moshi, inavyojipanga ndani ya mchanganyiko wa kilevi na maji. Kilevi kikishuka chini ya asilimia 45 hivi, ilionekana kukaa juu, usoni mwa kinywaji, pale pua inapoifikia. Kikizidi asilimia 59 hivi inazama. Kwa hiyo Port Charlotte ya asilimia 50 ikipata matone kadhaa inafunguka kabisa, wakati Laphroaig ya asilimia 40 haihitaji mengi, utaichosha bure.

Ukitia maji na wiski ikafanya ukungu kidogo, usiogope. Nyingi za asilimia 46 na zaidi, kama Ardbeg, hazikuchujwa kwa baridi, mafuta yake yamebaki. Huo ukungu ni mafuta yakijitokeza, na ndiyo yanayoipa wiski unene mdomoni.

Ukionja zaidi ya moja, fuata mpangilio: nyepesi mbele, nzito nyuma. Highland Park, Caol Ila, Lagavulin, Laphroaig. Ukianza na Laphroaig, jioni yako imekwisha, kila kitakachofuata utakiona maji. Mbili kwa usiku mmoja zinatosha, ya tatu hutaijua. Kula kitu chenye chumvi katikati. Wenyewe Islay hula chaza wabichi, mimi naona dagaa wa Kigoma wakavu wa kukaanga wanaiweza Caol Ila kuliko chaza.

Mdau, Eldoret

Dada, nimepata Caol Ila. Nimefuata kama ulivyosema. Jivu lipo, lile lile la kibuyu, na kuna kitu kama ndimu. Nimempigia mama simu nikamweleza, amecheka sana. Swali la mwisho: chupa nikishaifungua inakaa muda gani?

Mwanzisha uzi

Umenifanya nitabasamu peke yangu kaunta nzima. Msalimie mama.

Isimamishe wima, usiilaze kama mvinyo, kilevi kitakula kizibo. Iweke kabatini mbali na jua. Ikiwa imejaa itakaa mwaka na zaidi bila shida. Ikifika robo, hewa iliyomo ni nyingi kuliko wiski na moshi unaanza kukimbia. Hapo ihamishie kwenye chupa ndogo au alika watu.

Na usiku wa leo usioshe glasi. Iache mezani ikiwa tupu, lala. Asubuhi, kabla ya chai, inuse. Kilevi chote kitakuwa kimeondoka na kitabaki kile kilichoganda kwenye shayiri juu ya tanuri, peke yake. Uje utuandikie hapa umesikia nini.